Ramani ya mtandaoni kwa kamati ya maafa Pemba: kuiandaa na kuifanyia zoezi

Kamati ya maafa ya wilaya yenye kompyuta moja, simu tatu na bando inaweza kuwa na ramani ya pamoja bila kununua chochote. uMap inatosha: ni ya bure, inafunguka ndani ya kivinjari na imekaa juu ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Kuchora ni kazi ya asubuhi moja. Kinachovuruga zoezi huwa ni nani anaandika, na anaandika vipi.

Fungua akaunti kwanza. Ukichora bila akaunti, uMap hukupa kiungo cha siri cha kuhariri, na kikipotea ramani hiyo huwezi kuigusa tena. Kisha weka matabaka manne (makundi ya alama yanayopangwa moja juu ya jingine), yasizidi: Matukio, Vikosi, Vituo (skuli za kuhifadhia watu, vituo vya afya), Njia na Madiko (mahali vyombo vya bahari vinapofikia).

Kila tukio liwe na sehemu tano: namba, saa, shehia (eneo dogo la utawala chini ya sheha), idadi ya watu, hali. Hali iwe mojawapo ya nne tu: imeripotiwa, imethibitishwa, inashughulikiwa, imefungwa. Chagua aina ya tabaka inayopaka rangi kwa makundi, uielekeze kwenye sehemu ya "hali". Mwandishi akibadili hali, rangi hufuata. Majina na namba za simu za majeruhi zisiingie kabisa. Kiungo kikishafika kwenye kundi la WhatsApp, hakirudi.

Tabaka la madiko ndilo watu hulipitia juu juu, na Pemba halitaki haraka. Wakati wa bamvua (siku za maji makubwa), tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na diko lililo nyuma ya mikoko huweza kubaki tope tupu kwa saa kadhaa. Alama ya "diko" peke yake itapeleka boti ya uokozi mahali isipoweza kufika. Andika: linaingilika wakati wote, au maji yakijaa tu. Muulize mvuvi wa hapo, usikisie kwa picha, kwani picha ilipigwa saa moja tu ya siku.

Tukija kwenye picha: mradi wa Zanzibar Mapping Initiative ulianza 2016 kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni. Picha za eneo lako ukizipata OpenAerialMap, hazina huria ya picha za angani, nakili kiungo chake cha ramani uweke kwenye mandhari ya uMap (ramani ya chini inayobeba alama). Picha isipoonekana, jaribu kuwasha chaguo la TMS, linalogeuza hesabu ya safu za vipande vya picha. Nyumba iliyojengwa baadaye haimo, basi kutoiona pichani si ushahidi kwamba hakuna mtu pale.

Sasa koodineti, yaani namba mbili zinazoonyesha mahali. Kubalianeni muundo mmoja, desimali zenye tarakimu nne baada ya nukta. Hizo hukufikisha ndani ya mita 11 hivi. Chake Chake ni karibu -5.246, 39.767. Alama ya kutoa ikisahauliwa, tukio linatua kusini mwa Ethiopia. Namba mbili zikipishana nafasi, linatua Hispania. Makosa hayo mtu huyaona papo hapo. Baya ni lile lisiloonekana: nahodha anasoma kwenye GPS nyuzi 5 dakika 14.76, mpokea redio anaandika 5.1476. Sahihi ni 5.246, kwa sababu dakika hugawanywa kwa 60. Alama imekosea karibu kilomita 11 na bado iko Pemba, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Mpokeaji aulize kila mara: "Umeniambia nyuzi na dakika, au desimali?" Namba zilizotoka kwenye ramani za zamani za karatasi za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kupimia mahali) nazo huhama karibu mita 300 zikiwekwa kwenye uMap bila kubadilishwa.

Majina ya mahali yana mtego wake. "Kiuyu" pekee haitoshi: kuna Kiuyu Minungwini na Kiuyu Mbuyuni. Saa pia: ramani iandikwe 09:15, ila sheha atasema saa tatu na robo. Anayepokea ndiye abadilishe, na airudie kwa sauti.

Haki ya kuhariri apewe mtu mmoja kwa kila tabaka. Wengine wote wapewe kiungo cha kutazama. Wawili wakihifadhi tabaka moja kwa wakati mmoja, kazi zao zinaweza kugongana. Kabla ya kutoka ofisini, toa faili ya GPX (faili ya alama za ramani) na kuiingiza kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu isiyohitaji mtandao, ya kila kiongozi wa kikosi, ramani ya Tanzania ikiwa imeshapakuliwa. Mtandao ukikatika atakuwa na picha ya mwisho, basi jina la faili libebe saa.

Kwa zoezi, nakili ramani yote na uanze jina lake kwa neno ZOEZI. Redioni kila ujumbe uanze kwa neno hilo hilo. Saa mbili zinatosha. Andaa kadi 12 za taarifa, uzitoe moja kila dakika 8. Nne ziwe na kasoro ya makusudi: ya nyuzi na dakika, ya Kiuyu isiyokamilika, tukio moja lililoripotiwa na watu wawili kwa majina tofauti, na diko ambalo maji yake yamekupwa. Katikati ya zoezi, zima data ya kompyuta kwa dakika 20 bila kuwaambia. Wakianza kuandika kwenye karatasi yenye sehemu zile zile tano, mmewafunza vyema. Wakikaa kusubiri mtandao urudi, hapo pa kurudia.

Baadaye linganisha saa ya kadi na saa alama ilipoingia ramani. Iliyochelewa zaidi ya dakika 5, fuateni karatasi yake. Mara nyingi mtaikuta mezani kwa mpokea redio, sehemu ya shehia ikiwa tupu.