Namna ya Kuzijua Siku za Mfungo wa Kihindu na Kuzitimiza Ukiwa Dar es Salaam

Mhindu anayeishi Dar es Salaam na anayetaka kufunga ipasavyo, kabla ya kufikiria chakula, anapaswa kuijua siku yenyewe kwa anga ya hapa. Tarehe inayotumwa na jamaa walioko Mumbai au Ahmedabad mara nyingi hulingana na ya kwetu, lakini si kila mara, na anayeipokea bila kuipima anaweza kufunga siku ambayo kwa Dar es Salaam Ekadashi, siku ya mfungo inayokuja mara mbili kila mwezi, imekwisha kupita. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wa Kihindu waliokulia hapa, kwa waliooa au kuolewa katika familia hizi, na kwa wapishi wanaoagizwa kuandaa chakula cha mfungo bila kuelezwa sababu yake.

Hesabu ndiyo mwanzo. Mwezi wa Kihindu una tithi 30, na tithi moja ni muda ambao mwezi huchukua kuachana na jua kwa nyuzi 12 angani. Kwa kuwa mwendo wa mwezi hauko sawa siku zote, tithi moja inaweza kumalizika kwa saa 19 hivi na nyingine ikakaribia saa 26. Tithi 15 za kwanza, tangu mwezi unapoandama hadi unapopevuka, huitwa Shukla Paksha, na 15 zinazofuata, mwezi unapopungua, huitwa Krishna Paksha. Mwezi mpevu ni Purnima, na giza la mwezi ni Amavasya. Mtu wa pwani aliyezoea kuhesabu maji tayari anayo sehemu kubwa ya elimu hii, kwani bamvua huja pamoja na mwezi mpevu na mwezi mchanga, ilhali maji mafu huja na nusu mwezi. Ekadashi, yaani tithi ya 11, huangukia siku chache baada ya nusu mwezi, maji yanapoanza tena kupata nguvu.

Tithi haina saa maalumu ya kuanza: inaweza kuingia alasiri, usiku au alfajiri. Kanuni ya jumla ni kwamba siku nzima huchukua tithi iliyopo wakati jua linapochomoza, na hapo ndipo mji anaoishi mtu unapoleta tofauti. Tuseme Dashami, tithi ya 10, inamalizika Jumatatu saa moja na nusu asubuhi kwa saa za India. Kama jua la Mumbai limechomoza saa kumi na mbili na nusu, limeikuta Dashami ingalipo, hivyo mfungo wa Ekadashi kwao utakuwa Jumanne. Saa zetu ziko nyuma ya zao kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo muda huohuo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Jua la Dar es Salaam likichomoza saa kumi na mbili na robo, litaikuta Ekadashi imekwisha kuingia, na mfungo wetu utakuwa Jumatatu.

Hata hivyo, katika mfano huohuo, Wavaishnava, yaani wafuasi wa mungu Vishnu wanaoshika kanuni iliyo kali zaidi, hawatafunga Jumatatu. Kwao Dashami haipaswi kugusa hata kidogo muda wa dakika 96 kabla ya jua kuchomoza, na hapa imeugusa, kwa kuwa muda huo ulianza saa kumi na dakika 39 alfajiri. Wao watafunga Jumanne. Ndiyo maana familia mbili za jengo moja la Upanga zinaweza kufunga siku tofauti, na zote zikawa zimefuata sheria ya dini. Usibishane na jirani. Uliza hekalu la familia yako linafuata kanuni ipi, kisha uishike hiyo mwaka mzima.

Chombo cha kazi ni panchanga, kalenda inayoonyesha tithi za kila siku. Ukitumia programu ya simu, weka mji wa Dar es Salaam kabla ya kusoma chochote, kwa sababu nyingi hukuonyesha mji wa India usipochagua mwingine. Ukitumia panchanga iliyochapwa, tazama kwanza saa zake ni za nchi gani, na zikiwa za India punguza saa mbili na nusu, kisha ulinganishe na macheo ya hapa, ambayo kwa mwaka mzima hayatoki mbali na saa kumi na mbili: Novemba huwa dakika chache kabla yake, na Julai hufika karibu saa kumi na mbili na dakika 40. Penye shaka, makuhani wa mahekalu ya Mtaa wa Kisutu wanaulizika.

Wahindu wengi wa Dar es Salaam wana asili ya Gujarat, ambako mwezi humalizika siku ya Amavasya na mwaka mpya huanza mara baada ya Diwali. Wenye asili ya India ya kaskazini huumaliza mwezi siku ya Purnima. Kwa hiyo mwezi mtukufu wa Shravana huanza kwa watu wa kaskazini siku 15 hivi kabla ya kuanza kwa Wagujarati, na Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa mungu Krishna, husomwa katika miezi miwili yenye majina tofauti ingawa siku ni ileile.

Majirani Waislamu wameona Ramadhani ikizunguka majira yote ya mwaka, na huuliza kwa nini mifungo ya Kihindu haizunguki vivyo hivyo. Mwaka wa miezi 12 ya mwandamo una siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Kihindu huliziba pengo hilo kwa kuongeza mwezi mzima kila baada ya miezi 32 au 33, uitwao Adhika Masa, ambao umewekwa chini ya Vishnu na huhesabiwa kuwa wakati bora wa ibada na sadaka. Mwaka 2023 Shravana ilirudiwa, na mwaka 2026 ni zamu ya Jyeshtha, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni. Mwezi huo wa ziada una Ekadashi zake mbili, Padmini na Parama, na kwa sababu hiyo Ekadashi za mwaka, ambazo kwa kawaida ni 24, hufika 26.

Kwa maoni yangu anayeanza kufunga aanze na Ekadashi, kwa kuwa huja mara mbili kila mwezi na mtu hupata nafasi ya kujizoeza. Purana, vitabu vya kale vya visa vya dini, husimulia kwamba Vishnu alipokuwa amelala pangoni, jini Mura alimnyemelea amwue, na nguvu ya Vishnu ikatoka mwilini mwake katika umbo la msichana, ikamwangamiza jini huyo. Vishnu alimpa msichana huyo jina la Ekadashi na kumwahidi kwamba atakayefunga siku yake atatakaswa dhambi. Siku hiyo nafaka na kunde zote huachwa: wali, chapati, ugali, mkate, maharage, dengu, choroko na kunde. Wengi huacha pia vitunguu maji na vitunguu saumu. Jioni ya Dashami kula chakula chepesi. Alfajiri ya Ekadashi oga, ukae mbele ya madhabahu ya nyumbani, na utie nia kwa kusema waziwazi utafunga namna gani: bila chochote, kwa maji peke yake, kwa matunda na maziwa, au kwa mlo mmoja wa vyakula vinavyoruhusiwa. Nia ikishatiwa haibadilishwi mchana kwa sababu ya njaa, na kwa hiyo ni afadhali kuahidi kidogo ukatimiza.

Kufungua nako kuna saa yake, na hapo ndipo wengi huteleza. Mfungo hufunguliwa kesho yake baada ya macheo, Dvadashi, tithi ya 12, ikiwa bado haijaisha, na robo ya kwanza ya Dvadashi huepukwa. Uzito wa saa hiyo unaonekana katika kisa cha mfalme Ambarisha. Alikuwa karibu kufungua mfungo alipofika mgeni, mtawa Durvasa, ambaye aliukubali mwaliko wa chakula kisha akaenda kuoga mtoni Yamuna na kukawia. Dvadashi ilikuwa inakwisha. Kula kabla ya mgeni ni kumvunjia heshima, na kuiacha Dvadashi ipite ni kuiharibu nadhiri. Kwa ushauri wa makuhani, mfalme alikunywa maji kidogo tu, jambo linalohesabiwa kuwa ni kula na pia si kula. Durvasa alikasirika na kumtumia kiumbe cha moto, lakini gurudumu la Vishnu likakiangamiza na kumfukuza Durvasa mwenyewe, hadi aliporudi kumwomba radhi mfalme. Nawe ukiwa njiani kwenda kazini huku saa ya kufungua inakaribia kupita, fuata mfano huo: kunywa maji kwa nia ya kufungua, na chakula kifuate baadaye.

Mungu Shiva naye ana mifungo yake: ana Pradosha, jioni ya tithi ya 13 ya kila nusu ya mwezi, wakati wa machweo, na ana Shivaratri, usiku wa tithi ya 14 ya Krishna Paksha. Maha Shivaratri, iliyo kubwa kuliko zote, huja Februari au Machi. Waumini hukesha, na ibada hufanywa katika zamu nne za usiku, linga, yaani alama ya Shiva, ikimwagiwa maji na maziwa na kuwekewa majani ya mti wa bilva. Hakuna siku yoyote ya mifungo hii iliyo sikukuu ya kitaifa nchini, kwa hiyo mwenye kukesha aombe mapema ruhusa ya siku inayofuata.

Mfungo wa mungu Ganesha, Sankashti, ni tithi ya nne baada ya mwezi mpevu, na hufunguliwa mwezi unapochomoza, ambao kwa hapa huwa takriban saa tatu usiku. Tumia saa ya Dar es Salaam. Wingu la masika likiufunika mwezi, saa iliyoandikwa inatosha. Janmashtami hufunguliwa usiku wa manane, saa aliyozaliwa Krishna, na Ram Navami adhuhuri, saa aliyozaliwa Rama. Navratri ni mikesha tisa ya Mama Mungu, na katika hiyo kila familia ina kiwango chake cha kufunga.

Kwa chakula, Dar es Salaam imetubariki. Soko la Kisutu lina mihogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi, mapapai, madafu na nazi, na vyote hivyo huliwa siku ya mfungo. Mihogo ya nazi isiyotiwa kitunguu, yenye pilipili mbichi na chumvi ya mawe, hushibisha kuliko sagu iliyopikwa kwa viazi na karanga, ingawa sagu nayo ni wanga wa muhogo. Mpishi aangalie vitu vilivyofichika: mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na hamira ya unga ya keki huwa na wanga wa mahindi.

Nirjala Ekadashi, inayofungwa hata bila maji mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, huko India hukuta joto kali, ilhali hapa hukuta kipupwe kinaingia. Bhima, mmoja wa ndugu watano wa Pandava katika utenzi wa Mahabharata, aliyeshindwa kuvumilia njaa mara mbili kwa mwezi, aliruhusiwa kufunga hiyo moja kwa niaba ya zote. Wagonjwa wa kisukari, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee dhaifu na watoto wasiijaribu, na mwenye kutumia dawa amwone daktari kabla ya mfungo wowote. Sheria zenyewe zimewaachia matunda, maziwa na dawa bila mfungo kuvunjika, na asiyeweza hata hayo husoma majina ya Vishnu, hutoa chakula kwa mhitaji, na huacha nafaka kwa mlo mmoja tu.