Kupanga meza ya vita vya visanamu: kuta, vichochoro na mikoko

Katika mchezo wa vita vya visanamu, wachezaji wawili husogeza majeshi ya askari wadogo juu ya meza kwa zamu, wakipima mwendo kwa inchi na kuamua mapigo kwa dadu. Kwenye meza isiyo na kitu, mchezo huo huwa umeshaamuliwa: anashinda mwenye bunduki zinazofika mbali. Piga hesabu. Kikosi kinachotembea inchi 6 kwa zamu, kikianza inchi 24 mbele ya bunduki, kitalengwa zamu tatu kabla ya kufika. Bunduki 10 zinazolenga kwa dadu ya 4 kwenda juu (yaani dadu ikitoa 4, 5 au 6, risasi imepata) hupata mapigo 5 kwa wastani kila zamu. Zamu tatu ni mapigo 15. Sasa mpe mshambuliaji kuta fupi tatu za kurukia, kutoka huu hadi ule, na kila ukuta umpunguzie mlengaji alama 1. Lengo linakuwa 5 kwenda juu, wastani unashuka hadi 3.3, na jumla ya zamu tatu ni 10. Theluthi ya mapigo imeliwa na vipande vya povu gumu (plastiki nyepesi kama ya kufungia vyombo) ulivyokata kwa nusu saa.

Watu wengi hawaoni kwamba alama hiyo moja haimuumizi kila mtu sawasawa. Askari hodari anayelenga kwa 3 kwenda juu akipunguziwa 1 anapoteza robo ya mapigo yake. Wa kawaida, wa 4 kwenda juu, anapoteza theluthi. Mgambo asiyejua kulenga, wa 5 kwenda juu, anapoteza nusu nzima. Kwa hiyo ukijaza meza kuta na mawe, umemsaidia mwenye askari wachache walio bora na umemuumiza mwenye umati. Kama mmoja wenu ana jeshi la umati, mpunguzie kuta na mwongezee vitu vinavyoziba macho kabisa, yaani nyumba, miti minene na vilima. Nyuma ya nyumba halengwi yeyote, awe hodari au mgambo.

Kupanga meza

Meza ya kawaida ni futi 6 kwa 4, yaani kama sentimita 180 kwa 120. Anza kwa kuifunika robo kwa vipande vya mandhari, yaani nyumba, misitu, kuta na vilima. Robo ya futi za mraba 24 ni 6, na hizo zinatimia kwa vipande 12 vyenye ukubwa wa inchi 8 kwa 9. Vikundi vyenye silaha za masafa marefu huhitaji theluthi. Chini ya robo, rudi kwenye hesabu ya hapo juu.

Weka kwanza kipande kikubwa kuliko vyote karibu na katikati, lakini si katikati kamili. Kikikaa katikati kabisa, meza inagawanyika sehemu mbili zinazofanana na kila mchezo unafuata njia ileile. Kisogeze inchi 6 hadi 8 kando. Kisha weka vipande viwili vya kuziba macho, kila kimoja kati ya eneo la kuanzia la upande mmoja na katikati. Vilivyobaki vitawanye, huku ukipima nafasi kati yao.

Nafasi hizo ndizo huharibu michezo mingi. Safu ya askari 8 wenye vitako (vibao vidogo wanavyosimamia) vya milimita 25 ina upana wa sentimita 20, ambazo ni karibu inchi 8. Ukiacha mwanya wa inchi 7 kati ya msitu na kilima, safu hiyo haipiti na mwenyewe hatatambua mpaka zamu ya tatu. Kwa michezo ya safu acha inchi 10. Kwa michezo ya watu wachache wanaotembea mmojammoja, inchi 3 au 4 zinatosha, na ni bora hivyo kwa sababu uwazi mpana hauna pa kujificha.

Ukimaliza, chukua uzi wa kushonea wenye urefu wa inchi 24. Mmoja ashike ncha moja usawa wa macho ya kisanamu kilichosimama mahali pa kuanzia, mwingine auzungushe. Uzi ukienda wote bila kugusa kitu, hiyo ni njia ya risasi. Njia mbili kama hizo kwa kila upande zinafaa, maana bila hizo bunduki hazina kazi. Zikifika tano, ongeza kitu. Fanya kwa uzi, usikadirie ukiwa umesimama, kwa sababu jicho la mtu aliyesimama huona juu ya kila ukuta.

Halafu mmoja apange na mwingine achague upande, kama wagawavyo ndugu wawili mkate wa mofa. Hakuna njia rahisi zaidi ya kumfanya mpangaji awe mwadilifu.

Kubaliana kabla ya dadu

Gusa kila kipande kwa kidole na mjibu maswali manne kwa sauti: Nani anaweza kuingia, na kwa mwendo gani? Kinaziba macho kabisa, nusu, au hakizibi? Kinampa aliye ndani kinga ya kiasi gani? Na kinaweza kubomoka? Andikeni kwenye karatasi. Ugomvi mwingi wa mezani unatoka kwenye misitu, kwa sababu miti mitatu juu ya kipande cha mbao haiwezi kuonyesha mahali msitu unapoishia. Sheria inayofanya kazi ni hii: ukingo wa kitako cha msitu ndio ukingo wa msitu, miti yenyewe ni alama tu na inaweza kusogezwa ili visanamu visimame, na aliye ndani zaidi ya inchi 3 haoni nje wala haonekani. Wale wanaotaka kuinama na kutazama kwa jicho halisi kila risasi wanaruhusiwa, ila watakuta kisanamu kilichochongwa kimepiga goti kinajificha vizuri kuliko kilichosimama, jambo lisilohusiana na mbinu za mchezaji.

Kumbuka pia kwamba ardhi ngumu huiba zamu. Msitu wa inchi 8 ukipitwa kwa nusu mwendo, inchi 3, unachukua zamu tatu, ilhali mahali wazi ni zamu mbili. Ukiuweka mbele ya lango la mtu, umemnyang'anya zamu moja katika mchezo wa zamu sita.

Vichochoro vya Mji wa Kale

Meza ya nyumba za mawe zenye roshani za mbao na vichochoro kati yake ni nzuri sana kucheza, na sisi wa Mombasa tuna mfano wake mlangoni. Lakini usiunakili kwa vipimo vyake. Visanamu vya kimo cha milimita 28 viko kwenye kipimo cha takriban 1 kwa 56. Kichochoro cha mita 2 kinakuwa sentimita 3.5: kitako cha milimita 25 kinapita, ila vidole havishuki kukichukua. Panua hadi sentimita 6 au 7. Jicho bado litakiona chembamba kwa sababu nyumba ni ndefu.

Ghorofa moja iwe na kimo cha sentimita 5, mlango sentimita 4, na kizingiti cha dirisha milimita 18 kutoka sakafuni ili kisanamu kichungulie. Kila ghorofa iweze kuinuliwa pekee yake, la sivyo vita vya ndani haviwezekani. Baraza lichunguze kwa makini. Baraza la upana wa milimita 15 linapendeza, lakini kitako cha milimita 25 kinaning'inia na askari anaanguka kila meza inapoguswa. Ama ulifanye milimita 28, ama mkubaliane kwamba ni pambo na anayesimama chini yake ndiye anayepata kinga.

Roshani ina nguvu kuliko inavyoonekana. Bunduki moja iliyo juu inashika kichochoro chote kuanzia mwisho hadi mwisho. Kwa hiyo usipange nyumba mbili zenye roshani zikitazama kichochoro kimoja, na kila kichochoro kipinde angalau mara moja katika kila inchi 12.

Pembe ya buruji

Anayetaka ngome hapa kwetu ataiwaza Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati na kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi ilipoanguka 1698. Haitoshei mezani: ukuta wa mita 100 kwa kipimo hiki ni karibu sentimita 180, meza nzima. Jenga pembe moja, yaani buruji mbili (sehemu za ngome zinazochomoza nje kwenye pembe) na ukuta ulio katikati yake.

Siri iko kwenye pembe. Mnara wa mraba una eneo mbele yake ambalo hakuna mlinzi anayeliona, na mshambuliaji akilifikia yuko salama. Buruji iliyochongoka haiachi eneo hilo, kwa sababu uso wake wote unaonekana kutoka ubavu wa buruji jirani. Jaribu kwa uzi tena: bandika ncha mahali pa mzinga kwenye ubavu wa buruji ya kwanza, vuta uzi uambae uso wa buruji ya pili hadi nchani. Ukikwama ukutani, chonga pembe upya kabla hujapaka rangi. Njia ya juu ya ukuta iwe sentimita 4, nafasi ya kitako pamoja na kidole. Handaki huwezi kulichimba mezani, basi inua ardhi: tandika mbao za povu za sentimita 2.5 pande zote na uache mwanya wa sentimita 8 chini ya ukuta.

Mikoko na maji

Hiki ndicho kipande ambacho kinabadilisha mchezo kuliko vyote. Tofauti ya maji kupwa na kujaa Mombasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupita mita 3, ambazo mezani ni zaidi ya sentimita 5. Hiyo ni karibu mara mbili ya kimo cha kisanamu.

Gawa ukingo mmoja wa meza kuwa mikanda mitatu ya tope. Mchezo uanze maji yamekupwa: watu wanapita kwa nusu mwendo, na mikoko inaziba macho baada ya inchi 3. Kuanzia zamu ya tatu, mwisho wa kila zamu mkanda ulio nje kabisa unajaa na aliyebaki ndani anaondolewa. Upana wa mkanda ndio kila kitu. Nusu mwendo ni inchi 3, sawa na sentimita 7.6. Mkanda wa sentimita 10 unamuua mtu ambaye hakufanya kosa lolote, kwa sababu hawezi kutoka kwa zamu moja. Ufanye sentimita 7. Kweli bahari huchukua kama saa sita kujaa na vita vya mezani havichukui muda huo, lakini mchezaji anayelazimika kuchagua kati ya njia fupi ya tope na njia ndefu ya nchi kavu anacheza mchezo mzuri zaidi.

Kutengeneza mkoko mmoja: kata nyuzi 12 za shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa zamani, kila uzi sentimita 10. Zisokote katikati kwa sentimita 4. Tawanya ncha za chini ziwe mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na za juu ziwe matawi. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na unga wa mbao kutoka kwa seremala, acha ikauke, kisha paka rangi ya kahawia iliyopauka. Majani: chambua makumbi makavu ya nazi, katakata nyuzi ziwe vipande vya milimita 3, zipake kijani, zibandike. Miti mitano kwenye sidii ya zamani inatosha kipande kimoja, na sidii haipindi kwa unyevu.

Unyevu wa pwani ndio adui wa kazi hii. Katoni ikipakwa gundi upande mmoja hujikunja kama papai kavu. Paka upande wa pili gundi nyepesi siku hiyohiyo. Wakati wa masika ipe gundi siku mbili badala ya moja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hunyonya maji hewani, kwa hiyo baada ya wiki chache rangi hupata madoa na kubanduka. Uoshe kwa maji baridi mara tatu, ukauke juani, ndipo uubandike. Usivunje matumbawe kupata sura ya ukuta wa mawe: finyanga karatasi ya fedha ya jikoni iwe tonge, uligandamize juu ya povu, na mashimo yatatokea yenyewe. Povu hilo usilipulizie rangi ya mkebe moja kwa moja, kwani kiyeyushi chake hulila. Tanguliza tabaka mbili za rangi ya maji iliyochanganywa na gundi.

Na kwa sababu hakuna anayecheza bila feni, bandika wosha mbili za chuma (vipete bapa vya bolti) chini ya kila kitako cha mti na nne chini ya kila nyumba ya povu, ili visipeperushwe.