Matairi makubwa kwenye 4x4: pima sheria kabla ya kulipa

Swali linaloletwa gereji kila mara ni hili: "Fundi, matairi ya inchi 33 yataingia?" Kuingia ni kazi ndogo. Ukinyanyua springi kidogo na kukata plastiki mbili tatu, karibu kila kitu kinaingia. Swali la kuuliza ni kama gari litabaki halali barabarani, na kama bima itakutambua siku ya ajali. Jibu lake unaweza kulipata mwenyewe kwa tepu, kalamu na kikokotoo cha simu, kabla hujatoa hata senti.

Hatua ya 1: Anza na stika ya mlangoni

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna stika yenye saizi ya tairi aliyoipanga mtengenezaji pamoja na upepo wake. Hiyo ndiyo inayohesabika kama mwanzo. Usianzie kwenye tairi lililofungwa sasa hivi, hasa kama gari umelinunua mkononi mwa mtu, kwa sababu huenda mwenzako alishapandisha saizi na wewe sasa unapandisha juu ya iliyopandishwa. Stika ikiwa imebanduka, saizi imo kwenye kitabu cha gari. Kama gari lako limeorodheshewa saizi zaidi ya moja, ziandike zote.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kipenyo

Hapa ndipo watu wengi hukwama bila sababu. Chukua 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana. Ya mwisho ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Ubavu: 265 × 0.65 = 172.25. Zidisha kwa mbili, maana kuna ubavu wa juu na wa chini: 344.5. Rimu: 17 × 25.4 = 431.8. Jumlisha, unapata kipenyo cha milimita 776.3.

Sasa lile ambalo kila mtu analitaka, 285/70R17. Ukifuata njia ileile unapata 830.8. Tofauti ni milimita 54.5. Iweke kando, tutairudia sasa hivi.

Matairi yanayoandikwa kwa inchi, kama 33x12.50R15, yana ujanja wake. Hiyo 33 ni jina zaidi kuliko kipimo, na mara nyingi tairi lenyewe ni fupi kidogo. Hata yale ya milimita hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Basi ukikaribia mpaka, tafuta kipenyo kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi, au zungushia tepu tairi jipya lililojazwa upepo kisha ugawe kwa 3.14.

Hatua ya 3: Linganisha na kikomo cha nchi yako

Kila nchi ina kipimo chake. Nyingine hupima kipenyo, nyingine mzunguko wa tairi, nyingine urefu wa bampa kutoka ardhini. Mfano mzuri ni Australia, kwa sababu wao wameandika namba wazi. Kanuni zao za kitaifa za kubadili magari madogo, VSB 14, zinaruhusu tairi la 4x4 kuzidi lile la kiwandani kwa kipenyo cha milimita 50, au kupungua kwa milimita 26. Gari dogo la kawaida linapewa milimita 15 tu kwenda juu. Majimbo nayo yana masharti yao juu ya hayo.

Rudi kwenye hesabu yetu. 285/70R17 imezidi kikomo hicho kwa milimita 4.5. Ni unene wa kitu kidogo sana, lakini mkaguzi hapimi kwa huruma. 275/70R17 ina kipenyo cha 816.8, imezidi ya kiwandani kwa 40.5, inapita. Kwa macho hutaiona tofauti ya hizo mbili zikiwa zimefungwa. Mimi ningechukua ya pili na kulala usingizi.

Kumbuka pia kwamba gari linanyanyuka kwa nusu ya tofauti ya kipenyo. Milimita 40.5 za tairi ni kama 20 za kunyanyuka. Sheria nyingi hujumlisha hizo na zile za springi, kwa hiyo springi halali na tairi halali vinaweza kuzaa gari lisilo halali.

Hatua ya 4: Spidomita

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inasema spidomita isionyeshe mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha inaruhusiwa kwa kiasi, kupunguza hapana. Gawa kipenyo kipya kwa cha zamani: 830.8 ÷ 776.3 ni 1.07. Spidomita iliyokuwa sahihi kabisa sasa itasoma 100 huku gari likienda 107. Linganisha na GPS kwenye barabara iliyonyooka. Ikisoma chini, irekebishwe. Kilomita za gari nazo zitahesabiwa pungufu, kwa hiyo sogeza karibu siku ya kubadili oili.

Hatua ya 5: Namba ya mzigo na herufi ya mwendo

Mwisho wa maandishi ya saizi kuna kitu kama 112S. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. S ni kilomita 180 kwa saa. Kanuni ya kidole gumba: namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya stika. Kwenye herufi, baadhi ya nchi huvumilia matairi ya tope yenye Q, yaani kilomita 160, lakini uliza kwanza.

Hatua ya 6: Jaribu kwa chaki

Funga tairi moja tu mbele. Paka chaki mabega yote mawili ya tairi, kisha kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, gari likitambaa taratibu. Rudia ukiwa umepandisha gurudumu moja juu ya tuta ili springi zibanwe. Sasa ingiza kichwa ndani ya madigadi na tochi. Chaki ikionekana kwenye plastiki, kwenye bomba la breki au kwenye mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye chasi), hapo tairi linagusa. Kugusa bomba la breki si suala la kujadili, tairi hilo liondoe. Simama pia kando ya gurudumu ulitazame kutoka juu: sehemu ya tairi inayokanyaga barabara isitokeze nje ya madigadi. Kama rimu mpya inasukuma gurudumu nje, hapo ndipo utakamatwa hata kama kipenyo kiko sawa.

Breki zijaribu ukiwa umepakia mzigo. Tairi likirefuka kwa asilimia 7, nguvu ya breki inayofika barabarani hupungua kwa karibu kiasi hichohicho kwa mkanyago uleule.

Hatua ya 7: Karatasi

Ukiwa ndani ya kikomo, ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi na utunze jibu lao. Ukivuka, tafuta mhandisi anayetambuliwa na mamlaka ya magari kabla ya kununua, si baada. Atakwambia anachoweza kukiidhinisha na asichoweza. Cheti chake, risiti ya matairi na nakala ya hesabu yako viweke pamoja ndani ya gari. Na spea iwe ya saizi ileile: kwenye 4x4 inayoendesha magurudumu yote muda wote, spea ndogo hufanya difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ifanye kazi bila kupumzika hadi iharibike.