Mnahamia Ujerumani? Anzeni na sanduku la barua

Siku ileile mnayopewa funguo, bandikeni majina kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Yaandikwe yote. Familia zetu nyingi baba, mama na watoto hawatumii jina moja la mwisho, na tarishi wa kule hatazami namba ya nyumba peke yake. Asipoliona jina lililo kwenye bahasha, barua inarudi ilikotoka.

Na barua hizo ni muhimu. Sheria inawapa wiki 2 tangu kuhamia kujiandikisha ofisi ya wakazi. Chukueni pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, na fomu ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba mmehamia kwake, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga hautoshi, hapo wengi hurudishwa. Mkishaandikishwa, namba ya kodi ya kila mmoja, hata ya mtoto mchanga, huja kwa posta. Bila namba hiyo mwajiri anaweza kukata kodi kwa daraja la 6, la juu kabisa, na maombi ya Kindergeld, posho ya watoto, yatakwama.

Miji mikubwa kama Berlin miadi ya kujiandikisha hujaa haraka, kwa hiyo itafuteni hata kabla ya kusafiri, mradi anwani mnayo.