Namna ya kusoma majaaliwa na miungu katika Iliad

Wasomaji wa tenzi hapa Tanga wakiingia kwenye Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, wengi hukwama mahali pamoja: humchukulia Zeus, mfalme wa miungu, kama mwenye kudura, kwamba kila jambo amelikadiria yeye. Ukisoma hivyo, mabishano yote ya miungu utayaona porojo.

Kazi hii ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000. Msianze na cha 1. Anzeni na cha 16, mstari wa 419 hivi, mmoja asome kwa sauti. Sarpedon, mwana wa Zeus anayepigana upande wa Troy, yuko karibu kuuawa na Patroclus, rafiki wa Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki. Zeus anajua siku ya mwanawe imefika, lakini anawaza kumtoa vitani angali hai. Hera, mke wa Zeus, hamwambii kuwa hawezi. Anamwambia: haya, fanya, ila sisi wengine hatutakusifu, na kila mungu mwenye mwana pale Troy atataka kumwokoa wake. Zeus anamlilia mwanawe kwa matone ya damu kutoka mbinguni, na anamwacha afe. Yapigieni mstari maneno ya Hera. Bila hayo, mtadhani Zeus amefungwa mikono, kumbe anakwepa vurugu.

Sasa gaweni ukurasa wa daftari safu tatu: majaaliwa, mungu, binadamu. Jazeni kifo cha Patroclus, mwishoni mwa kitabu hichohicho. Mungu Apollo, anayeisaidia Troy, anampiga mgongoni kwa kiganja. Kofia inadondoka, mkuki unavunjika, deraya inalegea. Euphorbus, mpiganaji wa Troy, anamchoma katikati ya mabega, na Hector, shujaa mkuu wa Troy, anammalizia chini ya tumbo. Akikata roho, Patroclus anawahesabu mwenyewe: majaaliwa na Apollo, kisha Euphorbus, na wewe Hector umekuja wa tatu. Kikao cha saa mbili baada ya alasiri kinatosha kwa vifo hivi viwili.

Kosa kubwa ni kufuta safu moja ili nyingine ibaki. Katika kitabu cha 19 Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki aliyempora Achilles mwanamke wake, anasema si yeye mwenye lawama, ni Zeus, majaaliwa na Erinys, mungu wa kisasi. Fidia analipa vilevile, na hakuna anayeshangaa.

Mizani ya kitabu cha 22, mstari wa 209, ambayo Zeus anapimia vifo vya Hector na Achilles, isomeni polepole. Upande wa Hector unashuka, Apollo anamwacha palepale, ndipo Athena, mungu anayewasaidia Wagiriki, anakuja kumhadaa kwa sura ya nduguye Deiphobus. Lakini kabla ya hapo Zeus alikwishawaza kumwokoa Hector, na Athena akamjibu karibu kwa maneno yaleyale ya Hera. Kwa hiyo tunaisoma mizani kama tangazo. Neno lilikwisha kabla haijainuliwa.

Achilles anahitaji ukurasa wake. Katika kitabu cha 9, mstari wa 410, anataja mafungu mawili aliyoambiwa na mama yake: abaki Troy afe mapema na jina lidumu, au arudi kwao aishi sana bila sifa. Safu ya majaaliwa hapo ina matawi mawili, na anayechagua ni yeye.

Mkiwa na muda, fungueni Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, kitabu cha 1, mstari wa 32. Zeus analalamika kwamba wanadamu huwasingizia miungu, naye anamtaja Aegisthus, aliyeonywa na Hermes waziwazi, akamwua Agamemnon hata hivyo.