Anza na turubai kubwa kabla hujachora

Wadau mnaochora kwenye tableti au kompyuta, kabla hujaweka hata mstari mmoja hebu cheki kwanza saizi ya turubai, hili limewaliza wengi na mimi nikiwemo. Niliwahi kuchora uso wa bibi, mikunjo ya ngozi mmoja mmoja, karibu wiki tatu, kwenye pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 1080 kwa 1080, kwenye simu picha inang'aa vizuri kabisa, akatokea mtu anaitaka ukutani saizi ya A3, kuiprinti tu mikunjo yote ikawa ukungu. Iliniuma sana.

A3 kwa 300 dpi, yaani vidoti 300 kwa kila inchi ya karatasi, inataka pikseli 3508 kwa 4961, A4 ni 2480 kwa 3508. Ukija kuikuza baadae programu inabuni tu pikseli za kujazia, haiwezi kukurudishia kitu ambacho hukukichora, kwa hiyo anza kubwa, kupunguza ni rahisi. Kifaa kikianza kuwa kizito unganisha leya (zile tabaka za mchoro) ulizomalizana nazo ila tunza pembeni kopi ya faili lenye leya zote.

Logo ndo usichore kwa pikseli kabisa, tumia vekta, yaani mchoro unaoundwa kwa hesabu za mistari badala ya vidoti, programu ya Inkscape ni ya bure na inatosha, hiyo unaikuza hadi bango la barabarani na kingo zinabaki kali.

Na ile bluu ya umeme unayoiona kwenye skrini, wino wa CMYK (zile rangi nne za kuprintia) hauifikii, so omba printi ndogo ya majaribio kwanza uiangalie kwenye mwanga wa mchana.