Klachi ya chensoo ya zamani: kuipima na kuibadilisha

Cheni ikiendelea kuzunguka baada ya kuachia mafuta, usikimbilie kununua klachi. Anza na skrubu ya kabureta inayopanga mngurumo wa chini. Stihl huiandika LA, Husqvarna huiandika T. Chensoo nyingi hunguruma kwenye mizunguko 2,500 hadi 2,800 kwa dakika, na viatu vya klachi hutanuka kushika dramu (kikombe cha chuma kinachozungusha cheni) juu zaidi ya hapo. Ukipunguza mngurumo cheni ikasimama, klachi ni nzima. Ikizidi kutembea hata injini ikikaribia kuzimika, ama springi zimelegea au kukatika, ama beringi ya dramu imekauka grisi na krankshafti (mhimili wa injini) inaiburuza dramu. Ili kujua ni ipi, zima injini, toa cheni, achia breki, zungusha dramu kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, tuhumu beringi. Ikiwa nyepesi na haiyumbi, tuhumu springi. Mashine yenye hali hiyo isiingie kazini, maana cheni inayotembea yenyewe hukata mguu.

Dalili ya pili ni injini kupiga kelele huku cheni imekwama kwenye gogo. Hapa noa cheni kwanza. Cheni butu humfanya mtu akandamize, klachi iteleze, na joto hilo ndilo huiua. Kuvuta mafuta huku breki ya cheni imefungwa huleta madhara yaleyale. Dramu iliyogeuka rangi ya bluu imeshaungua. Chunguza na springi, kwa sababu joto huzinyong'onyeza.

Kabla ya kufungua, vuta kishikio cha breki nyuma ili bendi (ukanda wa chuma unaoibana dramu) iachie. Kwenye Stihl 038 dramu iko nje, imezuiwa na klipu na washa, na klachi iko nyuma yake. Kwenye Husqvarna 272 klachi ndiyo iko nje. Zote mbili zina nyuzi za kushoto, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa mishale ya saa. Wengi hulazimisha upande wa kawaida, na huko ni kuikaza zaidi.

Ili krankshafti isizunguke, toa plagi, pandisha pistoni ipite tundu la ekzosi, kisha ingiza kamba laini ya nailoni kupitia shimo la plagi na uache ncha yake nje. Pistoni ikiwa chini ya tundu hilo, kamba itaingia humo na kukatwa. Bisibisi ndani ya silinda hutoboa pistoni. Patasi na nyundo navyo hupasua kitovu cha klachi. Tumia spana yake maalumu.

Sasa pima. Kiatu chenye utando wa msuguano (sehemu inayogusa dramu), utando ukiwa chini ya milimita 1 mahali popote, badilisha klachi yote. Kubadili kiatu kimoja au springi moja huvuruga uwiano, klachi ikatetemeka na kushika vibaya. Unene wa ukuta wa dramu ulinganishe na ukingo ambao viatu haviufikii: ikibaki chini ya asilimia 80, dramu ni ya kutupa, kwani inaweza kupasuka ikiwa kwenye kasi. Meno ya sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) yakiwa na alama za cheni zenye kina cha zaidi ya milimita 0.5, badilisha pia, la sivyo itakula cheni mpya. Bendi ya breki ya Husqvarna isipungue milimita 0.6.

Wakati wa kurudisha, safisha beringi kwa petroli, ikauke, ipake grisi. Hakikisha waya au gia ya pampu ya oili imeingia kwenye pengo la dramu. Ikikosea, baa (ubao wa chuma unaobeba cheni) itaungua bila oili. Klachi haihitaji kukazwa kwa nguvu za ajabu, kazi yenyewe huizidisha kukaza. Toa kamba, rudisha plagi, washa, kisha panga mngurumo upya hadi cheni isimame kabisa.